Nishati safi ifike kwenye mita ya mpangaji na foleni ya gesi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Mimi ni dereva wa bajaji, kijiwe changu kiko Kimara, na barua hii naiandika kwa simu nikiwa kwenye foleni ya kujaza gesi ya magari. Sa hivi ni saa tano usiku, nimefika hapa saa mbili na nusu na mbele yangu bado kuna bajaji, Noah na IST za kutosha, wenzangu wengine wamelala siti ya nyuma miguu imetoka nje, mmoja kaweka alamu kila nusu saa ili foleni ikisogea asipitwe. Hii ndo ratiba yetu, mimi nakesha hivi mara nne kwa wiki. Nasoma sana habari za nishati safi na usafiri usio na moshi na nakubaliana nazo kwa moyo wote, ndo maana nataka niseme kitu naona hakisemwi vya kutosha, kwamba hii safari ya kuhama kutoka petroli na mkaa ina mipango mingi mizuri ila haina mtu mmoja wa kuisimamia mpaka ifike huku chini, kila ofisi imeshika kipande chake, na pale vipande vinapotakiwa kuungana ndo tunapoumia sisi.

Nianze na gesi. Nilifunga mfumo wa gesi baada ya ule mwaka petroli ilipopaa, mtakumbuka Agosti 2022 lita moja hapa Dar ilifika shilingi 3,410, tukawa tunafanya kazi ya kulisha tenki tu. Hesabu ya bajaji haina siri, siku nzima ukipiga kilomita mia na hamsini mpaka mia mbili petroli inakula elfu ishirini na kitu, hapo bado hesabu ya tajiri, bado faini, bado ukila chakula cha mchana. Gesi kilo ni 1,550 na kilo tano zinanimalizia siku, yani chini ya elfu nane. Siku ya kwanza nimerudi nyumbani na elfu kumi na mbili juu ya kawaida mke wangu akaniuliza leo umemkodisha nani mpaka wapi. Hiyo tofauti ndo daftari, ndo kodi ya chumba, kwahiyo mtu asije akatuambia madereva hatuelewi mazingira, tumehama wenyewe kwa mifuko yetu, wengine kwa mkopo, kabla hata hatujahamasishwa. Najua gesi yenyewe nayo inachimbwa ardhini na inatoa kaboni, haiwezi kulingana na umeme wa maji, lakini inatoa pungufu kuliko petroli, haina moshi ule wa kuwasha macho, na ni ya kwetu, ya Songo Songo imekuwa inakuja Dar kwa bomba tangu 2004.

Sasa angalia kinachotokea hapa kituoni. Gesi ya magari inajazwa kwa presha, mtungi ukijaa sawasawa mshale unasoma kama 200, lakini vituo ambavyo havijaunganishwa na bomba vinaletewa gesi kwa lori, na lori likianza kuisha presha inashuka, basi unafika kwenye mpira baada ya masaa matatu unajaziwa mpaka mshale unagota 110, kijana wa kituo anakwambia kaka ndo ilipoishia, ondoka mwingine aingie. Umeondoka na nusu. Ile nusu inakuishia kesho saa sita mchana, kwahiyo kesho unarudi kupanga foleni mapema zaidi, na mwenzako hivyo hivyo, yani foleni inazaa foleni. Mimi naamini kabisa robo ya watu walioko hapa usiku huu wasingekuwepo kama jana wangejaziwa mtungi ukajaa. Na umeme ukikatika mashine ya kukandamiza gesi inazima, tunakaa giza tunasubiri, gesi ipo na hela tunayo.

Na ukichoka kukesha unafanya nini? Unarudi petroli. Bajaji nyingi zina mifumo yote miwili, unabonyeza swichi tu. Hapo kwenye karatasi mimi nahesabiwa chombo kinachotumia nishati safi, nimeshaingia kwenye takwimu, lakini wiki iliyopita siku tatu nimetembelea petroli kwa sababu nilikuwa na mtoto mgonjwa na sikuweza kukesha. Nani anaihesabu hiyo? Naomba wanaopanga waje wahesabu mishale, sio stika za mfumo wa gesi zilizobandikwa kwenye vioo.

Nimejaribu kufuatilia, na kwenye kijiwe chetu tumeshawahi kukaa tukajadili, hii ishu ya foleni tukaipeleke kwa nani. Gesi yenyewe iko chini ya TPDC, shirika la mafuta na gesi, na Wizara ya Nishati. Bei na leseni ya kituo ni EWURA. Leseni yangu ya kubeba abiria na nauli ni LATRA, ambayo iko upande wa Uchukuzi. Mabasi ya mwendokasi yako chini ya wakala wa DART, na DART iko TAMISEMI, lakini barabara yao na vituo vinajengwa na TANROADS ambayo ni Ujenzi. Barabara ya mtaa ninayopita kumtoa abiria kwake kumpeleka kituoni ni TARURA. Sehemu ya kupaki ni halmashauri, na halmashauri Dar ziko tano, ukitoka Ubungo kuingia Kinondoni ni kama umeingia mkoa mwingine, huku umelipia kule unaulizwa risiti. Mkaa ni misitu, TFS, Maliasili. Umeme ni TANESCO. Mhariri mimi sisemi ofisi hizi hazifanyi kazi, zinafanya, ukienda moja moja utakuta mtu mstaarabu anakusikiliza, tatizo anakusikiliza mpaka mpaka wa meza yake. Ukimuuliza kwanini mji ulihamasishwa kufunga gesi haraka kuliko vituo vilivyojengwa atakujibu kweli tupu, kwamba kufunga mfumo ni kwa huyu na kituo ni kwa yule.

Mfano mkubwa wa haya mambo kila mtu wa Dar anaujua, ni Jangwani. DART ilianzishwa 2007, mabasi yakaanza kutembea Mei 2016 Kimara mpaka Kivukoni, na kweli ilikuwa raha, mtu aliyekuwa anatumia masaa mawili kutoka Kimara akawa anafika Posta dakika arobaini na kitu, mpaka mwaka 2018 jiji likapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu. Lakini karakana ya mabasi ikawekwa bonde la Msimbazi, bonde ambalo bibi zetu wote wanajua linajaa maji. Mvua ikaja, maji yakaingia kwenye mabasi, barabara ya Jangwani inafungwa kila masika, na sasa inabidi karakana ihamishwe na daraja jipya lijengwe kwa hela ya mkopo. Mabasi ni mali ya mradi huu, bonde la yule, mvua ya mwingine. Basi likizama kwenye maji abiria hamsubiri waziri, anapanda boda ya petroli, au anakopa ananunua kigari chake, na aliyeshanunua gari kumrudisha kwenye basi ni kazi kweli kweli.

Na hapa naomba niseme kuhusu sisi bajaji na boda. Abiria wa mwendokasi hazaliwi kituoni. Anatoka Saranga, Golani, Kilungule huko ndani, barabara ya vumbi, usiku giza, anayemfikisha kituoni ni mimi. Mimi ndo mguu wa kwanza wa mwendokasi na mguu wa mwisho. Lakini kituo kinajengwa hakuna hata mita kumi ya bajaji kusimama kihalali, tunasimama pembeni tunakimbizwa, chombo kinafungwa mnyororo, unakwenda kulipa. Mngetupangia pale pale pembeni ya kituo sehemu yenye paa na siku za mbele yenye sehemu ya kuchaji, mngekuwa mmetengeneza njia ya watu kuacha magari nyumbani. Hii haihitaji mkopo wa Benki ya Dunia, inahitaji watu wanne wa ofisi nne wakae siku moja na mchoro mmoja.

Sasa nihamie nyumbani, maana kaboni ya mji haitoki kwenye bomba la gari tu, inatoka na jikoni, nanyi mnaona zile boda zinazoshuka na magunia matatu ya mkaa kutoka Kisarawe na Mkuranga alfajiri, hapo ni petroli imebeba msitu. Mei 2024 Rais Samia alizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, lengo ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Lengo zuri sana. Mama yangu mzazi amepikia kuni miaka hamsini na kifua chake nakijua mimi ninayempeleka hospitali, kwahiyo sina mchezo na hili jambo.

Mwaka jana nilinunua presha kuka ya umeme Kariakoo, laki na ishirini, niliichanga miezi mitatu. Mke wangu anauza wali maharage asubuhi na mchana. Siku ya kwanza tukasimama kwenye mita kabisa na karatasi, maharage kilo moja kasoro, mita ilisoma 31.6 wakati tunawasha na yalipoiva ilisoma 31.1, yani nusu uniti, dakika kama hamsini, mkaa wa maharage hayo hayo ni buku jero na unakaa unapepea masaa mawili unakohoa. Mke wangu alicheka peke yake. Tukasema basi mkaa tumeachana nao.

Furaha ilidumu wiki tatu. Nyumba tunayopanga ina vyumba saba na mita moja. Mwenye nyumba akaita kikao uani, akasema kwa heshima tu, maana ni mzee mwenye utu wake, kwamba luku inaisha haraka na wapangaji wengine wananung'unika, hivyo kuanzia leo hita, pasi na majiko ya umeme hapana. Hili katazo liko kwenye nyumba nyingi sana za kupanga hapa Dar, muulize mpangaji yeyote kuanzia Manzese mpaka Mbagala, taa, tivii na kuchaji simu ruksa, kupika hapana. Presha kuka yangu iko juu ya kabati imefunikwa na kanga. Mkaa umerudi.

Na mzee wala hana kosa, fuatilia hesabu hii. Kuna bei nafuu ya umeme kwa watumiaji wadogo, wanaotumia mpaka uniti 75 kwa mwezi, uniti moja shilingi 100, ukiweka VAT na makato ya REA, wale wa umeme vijijini, na EWURA inafika 122. Ukizidisha 75 zile zilizozidi unalipa 350, na ukiwa unazidisha unahamishwa kwenda bei ya kawaida ya 292, ambayo na makato inakuwa 356, ndo ile ya elfu kumi uniti 28 ambayo kila mtu anaijua, hapo kabla hawajakata kodi ya jengo. Sasa nyumba ya vyumba saba mita moja itakaaje chini ya 75? Hata kwa taa na mafriji mawili imeshapita. Kwahiyo familia saba za kipato cha chini ambazo kila moja ingejitegemea ingetumia uniti ishirini au thelathini, zinalipa bei ya juu, na mtu mwenye nyumba yake ndogo peke yake na mita yake analipa 122. Ile bei iliyowekwa kumsaidia mnyonge inampita mnyonge mpangaji mlangoni kabisa.

Hata huyo mwenye mita yake naye kuna kitu. Dada yangu anakaa Mbezi, ana mita yake, ameandika uniti za kila siku kwenye kalenda ya ukutani kwa kalamu nyekundu, ikifika tarehe ishirini na kitu akiona anakaribia 75 anazima presha kuka anatoa jiko la mkaa nje anamalizia mwezi. Anaogopa kuhamishwa. Nikamwambia dada hata kwa 356 maharage yako yanaiva kwa chini ya shilingi mia mbili, mkaa ni buku jero, bado umeme uko chini. Akaniambia najua, lakini nikihamishwa ni mpaka taa na friji navyo vinapanda. Na ni kweli. Yani mkono mmoja unamwambia pikia umeme, mkono mwingine unamwambia ukipikia umeme tunakupandishia. Hii ni kanuni, imeandikwa wakati umeme ulikuwa wa taa tu na wa kubania, sijasikia aliyeirudia baada ya mkakati wa kupikia kuja, kwa sababu mkakati uko faili moja na bei ya umeme iko faili lingine.

Na umeme siku hizi upo. Bwawa la Nyerere kule Rufiji ni megawati 2,115, mitambo tisa ya 235 kila mmoja, wa kwanza ukaingia gridi mwanzoni mwa 2024. Machi mwaka huo huo tukasikia mitambo mingine ya maji inazimwa kwa sababu umeme umezidi mahitaji. Mimi siku ile nilikuwa kijiweni, redio inasema umeme umezidi, na mke wangu yuko uani anapuliza mkaa. Treni ya SGR inakwenda mpaka Dodoma kwa umeme, watu wamehamia, mabasi yamelazimika kujipanga upya, ina maana tukiamua tunaweza, na pale ilifanikiwa kwa sababu njia, nyaya, vichwa vya treni na tiketi vilisimamiwa na shirika moja.

Sasa wanatuambia bajaji na boda za umeme ndo zinakuja, na nimeshaziona, nzuri, kimya, hazina oili. Nitaichajia wapi? Kwenye soketi ya chumba changu ambayo hairuhusiwi hata pasi? Kwenye mita ile ile ya vyumba saba? Ndo maana naunganisha haya mambo mawili kwenye barua moja, ofisini usafiri na jiko ni wizara mbili, kwangu ni soketi moja. Mkiitatua mita ya mpangaji mmetatua maharage na mmetatua bajaji ya umeme kwa mpigo mmoja, mkiiacha basi hata mlete bajaji elfu kumi za umeme bila kodi zitanunuliwa na wenye nyumba zao na sisi tutabaki hapa kwenye foleni.

Ninachoomba ni hiki, na naomba mhariri usikikate hata kama barua ni ndefu. Dar ina watu zaidi ya milioni tano, sensa ya 2022 imesema 5,383,728, na tangu mpango kabambe wa usafiri uliosaidiwa na Wajapani 2008 kumekuwa na wazo la mamlaka moja ya usafiri wa jiji hili. Lagos walianzisha yao 2002 na mji wao ni mkubwa kutuzidi. Tuundiwe sasa, kwa sheria, yenye uwezo wa kusema kituo cha gesi kijengwe wapi kabla leseni elfu nyingine hazijatolewa, iwe na sauti kwenye nauli, kwenye mwendokasi, kwenye maegesho ya halmashauri zote tano, na kwenye kikao chake wawepo madereva waliochaguliwa na vijiwe, wasiwe watu wa kupiga picha tu siku ya uzinduzi. Kazi yake ya kwanza iwe kubandika kila wiki presha na muda wa foleni kwa kila kituo cha gesi, ijulikane.

Na kwenye umeme, EWURA na TANESCO waiangalie upya ile 75. Kama mtu anapikia umeme aongezewe nafasi, iwe 120 au hesabu yoyote wataalamu watakayoona, ila dada yangu asizime jiko tarehe ishirini. Na mita ndogo za wapangaji ziwekewe utaratibu rasmi, kila chumba na luku yake, bei nafuu imfuate mtu anayetumia. Sa hivi mpangaji akitaka mita yake anategemea hisani ya mwenye nyumba, gharama ya kuunganisha ni yake, na akihama anaiacha. Ile hela inayotumika kugawa mitungi ya gesi ya kupikia kwenye mikutano, ambayo nyingi ikiisha gesi inageuka stuli, hata nusu yake ingeingia kwenye mita za vyumba ingefanya kazi kubwa zaidi. Hayo ni maoni yangu na niko tayari kubishana na mtu yeyote juu yake.

Kuna moja nilitaka kuliacha ila nalisema. Mtungi wa kwanza niliofungiwa na fundi mmoja wa mtaani ulikuwa wa mtumba, hauna muhuri unaosomeka, nikaja kusikia harufu nikiwa na abiria watatu akiwemo mama mjamzito. Niliwashusha nikasukuma bajaji mpaka wazi. Nimebadilisha sehemu nyingine kwa gharama nyingine. Mpaka leo hakuna aliyewahi kunisimamisha barabarani akakagua mtungi, wananikagua stika ya bima na kofia. Haya nayo mamlaka hiyo iyashike, kabla hatujazika mtu.

Saa saba kasoro sasa, foleni imesogea, mbele yangu zimebaki sita na lori la gesi halijafika. Mimi keshokutwa nitakuwa hapa tena kuanzia saa mbili usiku, na muhusika wa ofisi yoyote niliyoitaja akitaka kuja kukaa na sisi hata saa moja anakaribishwa, siti ya nyuma ipo.

Dereva wa bajaji,
Kimara, Dar es Salaam